Paa la jengo lako linafaa kuwekwa sola? Kagua haya kabla ya kulipa

Dar es Salaam. Mara nyingi huanza hivi. Bili ya umeme imepanda, umeme umekatika mara tatu ndani ya wiki moja, na muuzaji wa sola anafika ofisini na makadirio yaliyochapwa vizuri. Kuna idadi ya paneli, kuna bei, kuna miaka ambayo pesa itakuwa imerudi.

Kwenye karatasi hiyo kinakosekana kitu kimoja: hakuna aliyepanda juu kuliangalia paa.

Kwa mwenye ghala, hoteli, kiwanda, supamaketi au jengo la ofisi, hapo ndipo hasara inapoanzia. Jua la Dar es Salaam halina tatizo. Matatizo ni bati lililoliwa na kutu, slabu inayovuja, kenchi zilizotafunwa na mchwa, au ghorofa la jirani linaloweka kivuli kuanzia saa nane mchana.

Haya ndiyo mambo ya kukagua, na mengi yanaweza kuanza kuangaliwa hata kabla fundi hajaitwa.

Paa limebakiza miaka mingapi?

Paneli nyingi huuzwa na dhamana ya kuzalisha umeme kwa miaka 25. Maana yake, anayefunga paneli leo anafunga ndoa ya miaka 25 kati ya paneli na paa. Swali la kwanza basi si jua linawaka kiasi gani. Ni je, paa litafika huko?

Paneli zikishafungwa, kilicho chini yake hakifikiki kirahisi. Bati likitoboka mwaka wa saba, lazima paneli zifunguliwe, zishushwe, bati libadilishwe, kisha zifungwe upya. Fundi analipwa mara mbili, umeme wa sola unasimama wakati wa kazi, na paneli inaweza kupasuka wakati wa kushushwa.

Kanuni ya kufuata ni hii: kama paa linatarajiwa kubadilishwa ndani ya miaka 10 ijayo, libadilishwe kwanza. Gharama ya bati jipya iingizwe kwenye hesabu ya mradi tangu mwanzo, isije ikaibuka baadaye kama mshtuko.

Wakati mzuri wa kukagua ni mvua za masika zikiwa zinanyesha au zimetoka kuisha. Angalia madoa kwenye dari na michirizi ya maji ukutani. Kwenye ghala lisilo na dari kuna kipimo cha bure kabisa: saa sita mchana, zima taa, funga milango, tazama juu. Kila kitone cha mwanga ni tundu.

Majengo yaliyo karibu na bahari yanahitaji jicho la ziada. Hewa ya chumvi hula bati, misumari na bolti haraka kuliko bara. Kwa maeneo kama Msasani au Kigamboni, skrubu na vishikizo vya paneli navyo viwe vya chuma kisichoshika kutu. Paneli ya miaka 25 iliyoshikiliwa na skrubu ya miaka mitano ni hatari kwa kila anayepita chini yake.

Pima ukubwa kwa simu

Hatua hii haihitaji ngazi. Fungua Google Maps au Google Earth kwenye simu, tafuta jengo, tumia kipimo cha umbali kupata urefu na upana wa paa.

Tuchukue mfano wa ghala lenye paa la mita 20 kwa 40. Hizo ni mita za mraba 800. Ila zote haziwezi kujazwa paneli.

Lazima ibaki nafasi pembezoni mwa paa, njia za mafundi kupita kusafisha na kutengeneza, na nafasi ya zimamoto kufika juu moto ukitokea. Pia kuna mabati ya plastiki yanayoingiza mwanga, ambayo hayakanyagwi wala kufunikwa, na vitoa hewa. Tuseme imebaki asilimia 60, yaani mita za mraba 480.

Paneli ya kisasa ya wati 550 huchukua takribani mita za mraba 2.6. Kwa hiyo zinaingia kama paneli 180, sawa na kilowati 99.

Kwa Dar es Salaam, kila kilowati moja ya paneli inaweza kukadiriwa kutoa wastani wa uniti nne kwa siku, kukiwa hakuna kivuli. Ghala hilo lingezalisha kama uniti 400 kwa siku, au uniti 12,000 kwa mwezi.

Makadirio hayo yanaweza kulinganishwa na ya muuzaji kwa kutumia Global Solar Atlas, ramani ya bure ya Benki ya Dunia inayoonyesha nguvu ya jua kwa kila eneo. Muuzaji akiahidi uniti saba au nane kwa kila kilowati kwa siku, aulizwe amezitoa wapi.

Paa limeelekea wapi? Usiumize kichwa sana

Video nyingi za mtandaoni zinasema paneli zielekee kusini. Ushauri huo ni wa Ulaya na Marekani. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 7, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kuanzia takribani mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, linahamia kusini.

Kwa sababu hiyo, upande wa kaskazini ndio bora, ila tofauti si kubwa kama paa halina mwinuko mkali. Paa lililoelekea mashariki na magharibi nalo linafaa: upande mmoja unavuna asubuhi, mwingine jioni, na umeme unasambaa vizuri siku nzima.

La muhimu zaidi ni mwinuko usiwe sifuri. Paneli iliyolala chali kabisa hukusanya vumbi na maji yanatuama kwenye kingo zake. Mwinuko wa kama nyuzi 10 unatosha kuifanya mvua isaidie kuosha.

Kivuli ndicho adui mkubwa

Kama kuna kitu kimoja cha kuogopa, ni kivuli.

Paneli huunganishwa kwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akichelewa, mstari mzima unapungua kasi. Kivuli cha tanki la maji kwenye paneli moja kinaweza kushusha umeme wa paneli nyingine zilizo kwenye mfululizo huo. Vipo vifaa vya kupunguza athari hiyo, ila vinaongeza gharama na haviwezi kuondoa kivuli chenyewe.

Juu ya jengo la biashara vyanzo vya kivuli ni vingi: matangi, viyoyozi, mnara wa simu, bango la matangazo, chumba cha mashine za lifti, hata ukuta mfupi unaozunguka paa. Mwembe wa jirani nao umo.

Namna ya kukagua ni rahisi. Mtu apande paani kwa usalama, apige picha saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Sehemu inayobaki na jua muda wote huo ndiyo ya kuweka paneli. Kwa vile jua linahama kaskazini na kusini, picha za Juni na za Desemba hazitafanana. Fundi makini atatumia programu inayoonyesha njia ya jua mwaka mzima.

Kuna kivuli kingine ambacho hakionekani leo. Maeneo kama Kariakoo, kiwanja chenye nyumba ya chini mwaka huu kinaweza kuwa na ghorofa nane miaka mitatu baadaye. Kabla ya kuwekeza, angalia viwanja vya upande wa kaskazini, mashariki na magharibi. Ukiona nyumba kuukuu imezungushiwa mabati na nondo zimeanza kushushwa, jibu unalo.

Bati, slabu au asbesto?

*Bati.* Hili ndilo rahisi kufanyia kazi. Kumbuka kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Vishikizo vya paneli vifungwe mpaka kwenye papi zilizo chini, visiishie kwenye bati peke yake. Kila tundu linalotobolewa lizibwe kwa mpira na dawa ya kuzuia maji siku hiyohiyo.

Pia iachwe nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paneli hupoteza nguvu kadiri inavyopata joto, na bati la mchana wa Januari ni kikaango.

*Slabu ya zege.* Inabeba uzito zaidi, na paneli zinaweza kuinamishwa kwa kiwango kinachotakiwa. Hatari yake ni maji. Ukitoboa tabaka la kuzuia maji ili kufunga bolti, umefungua njia ya kuvuja. Ndiyo maana wengine hushikilia paneli kwa matofali ya zege bila kutoboa. Hapo uzito unapanda sana, na lazima uhesabiwe.

*Asbesto.* Bado yapo majengo ya zamani yenye mapaa haya. Jibu ni fupi: usitoboe, usikate, usikanyage. Vumbi la asbesto likivutwa linaweza kusababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu, tena miaka mingi baadaye. Paa la aina hii huondolewa kwanza na watu wenye utaalamu na vifaa vya kujikinga, ndipo mjadala wa sola uanze.

Uzito upo, ila upepo ndio wa kuogopwa

Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa kama kilo 28. Paneli 180 za ghala letu ni zaidi ya tani tano, kabla ya kuongeza reli, nyaya na mafundi wanaotembea juu.

Ukizigawa kwenye eneo lote, ni kama kilo 12 hadi 15 kwa mita ya mraba, na paa lililojengwa vizuri linaweza kuvumilia. Lakini paa la ghala lililojengwa kwa kubana matumizi, likiwa na kenchi za mbao zilizoachana umbali mkubwa, huenda halikuwahi kuhesabiwa kubeba chochote zaidi ya bati lake.

Upepo una tabia yake. Unaingia chini ya paneli na kuisukuma juu, na unakuwa mkali zaidi kwenye kingo na pembe za paa. Paneli zikifungwa ovyo, upepo unaweza kuondoka nazo pamoja na bati. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania na kupiga Kisiwa cha Mafia. Pwani hii si salama kwa vitu vilivyofungwa kwa kubahatisha.

Hapa fundi wa umeme peke yake hatoshi. Anahitajika mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), aangalie michoro ya jengo, akague kenchi, nguzo na papi, kisha aandike ripoti na kuisaini. Kama michoro imepotea, atapima mwenyewe. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na paa lililoanguka juu ya mzigo, au juu ya watu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Kwenye sola, utajenga paa zima.

Paa ni la nani?

Swali hili huonekana la kijinga mpaka ugomvi uanze.

Mpangaji, awe kwa mtu binafsi au kwenye nyumba ya NHC, hawezi kutoboa paa la mwenye nyumba bila ruhusa ya maandishi. Mkataba wa pango ukiwa umebakiza miaka mitatu na sola inahitaji miaka sita kurudisha pesa, mpangaji anamjengea mwingine. Makubaliano yaseme wazi: paneli ni za nani pango likiisha, nani anatengeneza paa likivuja, na nani ana ufunguo wa kupanda juu.

Kwenye jengo ambalo kila mtu ana hati ya sehemu yake, paa ni la wote. Mwenye duka la chini hawezi kulijaza paneli zake kwa sababu tu aliwahi kuwa na hela. Wamiliki wenzake lazima wakubali.

Bima nayo iangaliwe. Kampuni ya bima ya jengo ijulishwe kabla ya kazi kuanza, vinginevyo dai la moto au la upepo linaweza kuleta mabishano.

Paa zuri, lakini umeme unatumika saa ngapi?

Paa linaweza kufaulu mtihani wote na mradi ukafeli.

Paneli hutoa umeme mchana. Ofisi yenye viyoyozi, mashine ya kusaga nafaka, chumba cha baridi cha samaki, hizi hutumia umeme jua likiwa linawaka. Baa na ukumbi wa harusi hutumia usiku, na umeme wa mchana utapotea kama hakuna betri. Biashara inayofunga Jumapili nayo inapoteza siku nzima ya uzalishaji kila wiki. Kwa ghala la mfano wetu hizo ni kama uniti 1,600 kwa mwezi.

Kuuza ziada kwa Tanesco kunahitaji makubaliano rasmi. Usiingize mapato hayo kwenye hesabu kabla makubaliano hayajasainiwa.

Kisha tazama bili uone uko kundi gani. Katika bei za Ewura za mwaka 2016, uniti ya kundi T1 iliwekwa Sh292 na ya T2, la wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, Sh195 kabla ya kodi. Kwa bei hiyo ya T2, uniti 12,000 za ghala letu ni Sh2.34 milioni kwa mwezi, zikitumika zote. Anayepigiwa hesabu kwa bei ya T1 wakati yuko T2 ataahidiwa pesa ambazo hatoziona.

T2 pia hulipia kiwango cha juu cha umeme anachovuta, kwa kila kVA. Mashine zikiwashwa kwa pamoja siku moja ya mawingu, malipo hayo yanabaki palepale hata kama paneli zipo.

La mwisho hapa: umeme ukikatika, mfumo wa sola uliounganishwa na gridi bila betri nao huzimika, hata jua likiwa kali. Umewekwa hivyo ili kuwalinda mafundi wanaotengeneza laini. Anayetafuta dawa ya kukatika umeme aseme mapema, maana anahitaji inveta ya aina nyingine na betri. Betri hizo zinahitaji chumba chenye hewa, mbali na mzigo.

Paa likikataa je?

Jibu la hapana si mwisho wa safari. Garden City Mall ya Nairobi iliweka paneli za kilowati 858 juu ya maegesho ya magari mwaka 2015. Paneli zikawa umeme na kivuli cha magari kwa wakati mmoja.

Jengo lenye uwanja linaweza kufanya hivyo kwa kiwango chake, au kuweka paneli chini. Mwingine anaweza kufunga paneli chache kwenye upande mmoja wa paa ulio imara, apunguze bili kidogo, na kusubiri kubadilisha bati la upande wa pili. Mradi mdogo unaokaa ni bora kuliko mkubwa unaovuja.

Maswali sita kabla ya kulipa malipo ya awali

1. Nani amepanda paani, lini, na picha ziko wapi?
2. Ripoti ya mhandisi inasemaje kuhusu uzito na upepo?
3. Paa likivuja mahali palipotobolewa, nani analipa na kwa miaka mingapi?
4. Kivuli kimepimwa kwa mwaka mzima au kwa siku moja?
5. Hesabu ya akiba imetumia bei ya kundi gani, na imeondoa siku za kufunga?
6. Leseni ya Ewura ya ufungaji umeme iko wapi?

Fundi anayejua kazi yake atayajibu bila kukasirika, na pengine ataongeza la saba. Anayesema "bosi, paa tutaliona siku ya kufunga" apewe soda, ashukuriwe, na asindikizwe mpaka getini.